Antena Iliyotazama Mikoko

King'amuzi cha Pazi kilionyesha nguvu ya mawimbi ni sifuri, na picha ilikuwa safi kuliko ya televisheni ya hotelini. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake, lakini Pazi alikuwa na hamu ya mpira, na mwenye hamu ya mpira huweka akili pembeni kwanza.

Tangu wahamie nyumba ile ya mwisho wa Kivinje, picha haikuwahi kutulia. Ilikatakata, ilivunjika vipande vya mraba, ikaganda. Mchezaji anainua mguu kupiga penalti, mguu unabaki hewani mpaka majirani wameshashangilia goli. Pazi alibadili waya. Akamwita fundi Salumu, ambaye aliielekeza antena kusini, kwenye mnara wa matangazo, akashauri bomba la antena liongezwe urefu. Likaongezwa. Wapi! Basi siku hiyo, baada ya alasiri, Pazi akafanya kama wafanyavyo watu wote: yeye nje amelikumbatia bomba, binti yake Esha ndani mbele ya skrini, na makelele katikati.

"Vipi hapo?"

"Bado!"

"Na hapa?"

"Imekuja... aah, imeondoka!"

Akageuza, akageuza tena, mpaka antena ikaipa kusini kisogo na kuitazama mikoko, ambako hakuna mnara wala kibanda.

"Hapo hapo, baba! Usisogee!"

Batuli, mke wa Pazi, alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi. Akasikia kutoka sebuleni sauti ya mtu mzima, ya taratibu, yenye adabu zake: "Hodi hapa."

Akajibu kama angejibu mtu yeyote aliyelelewa na mama yake, bila hata kuinua kichwa: "Karibu! Pita ndani, ukae. Nakuja sasa hivi."

Alipoingia akijifuta mikono kwenye khanga, hakuona mgeni. Alimwona Esha amejisogeza ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama alivyofundishwa kukaa mbele ya wakubwa. Upande wa pili mto wa kochi ulikuwa umebonyea. Sebule ilinuka tope la mikoko, na juu ya tope, udi.

"Esha, nani kapiga hodi?"

"Mgeni."

"Yuko wapi?"

Mtoto alimshangaa mama yake. "Si huyu hapa. Katokea humo," akasema, akionyesha televisheni kwa mdomo. "Nimemwamkia shikamoo, kaitika."

"Baba Esha!" Batuli aliita, na sauti ikamtoka nyembamba. "Baba Esha, njoo!"

Pazi akaliachia bomba, akaja mbio. Picha ikaganda, na Esha naye akaganda, mdomo wazi katikati ya neno, kope hazipepesi, kifua hakipandi wala hakishuki, na Batuli akamshika mabega akamtikisa na yale mabega yakawa magumu kama ubao, huku kwenye skrini vipande vya mraba vikitetemeka mahali pamoja, na Pazi akiita jina la binti yake, akimpepea, akimmwagia maji, na maji yakimchuruzika usoni bila yeye kufumba jicho.

Batuli ndiye aliyeelewa. "Rudi kwenye bomba! Rudi!"

Pazi akarudi, akalishika. Picha ikatiririka, na Esha akamalizia neno lake kana kwamba hakikutokea kitu, isipokuwa alishangaa nguo zake kulowa.

Walijaribu kila njia. Pazi akalifunga bomba kwa waya, akaliegemeza kwa mawe: alipoondoa mikono tu, mtoto aliganda. Lilitaka mkono wa mtu. Batuli akajaribu kumbeba mtoto amtoe nje. Mlangoni pumzi ya Esha ikaanza kukatakata, akamrudisha kochini haraka. Akashika swichi ya televisheni, na kabla hajaibonyeza midomo ya Esha ikawa rangi ya jivu. Akaiachia.

Salumu alipopigiwa simu alikuja na pikipiki. Akaitazama antena, akaenda kusoma ile sifuri kwenye skrini, akamtazama mtoto na ule mto uliobonyea.

"Kaka, huko hakuna mnara," alinong'ona. "Huko hakuna kitu kabisa." Akaondoka, bisibisi yake akaiacha sakafuni. Lakini hakuwatupa. Usiku ule mume na mke walipokezana bomba, na kila mikono ilipobadilishana pumzi ya Esha ilikatika kidogo. Asubuhi Salumu akarudi amempakia Bi Mwahija, mganga wa Miteja.

Bi Mwahija alikuwa mfupi, mkali, asiyependa kupotezewa muda. Alisimama kizingitini akavuta hewa kwa pua.

"Shikamoo, bibi," Batuli alisema.

"Marahaba. Semeni polepole, anasikia. Nani kamkaribisha?"

"Mimi, bibi. Nilidhani mtu."

"Ukamwambia akae?"

"Nilimwambia."

Bi Mwahija akafumba macho. "Jini aliyevamia namfukuza, ndiyo kazi yangu. Huyu hakuvamia. Huyu mgeni wenu. Nikimfukuza ataondoka na kilicho karibu naye." Hakumtazama Esha, lakini wengine wote walimtazama.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Pazi kutoka nje, uso wake kwenye nondo za dirisha, mikono yake kwenye bomba.

"Mgeni huaga, na akiaga husindikizwa. Mimi nitamwomba aage. Aliyemkaribisha ndiye atakayemsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Wewe ukisindikizwa, nani husema hapa panatosha, rudi nyumbani?"

"Mgeni," alijibu Pazi.

"Basi."

"Na asiposema?"

Bi Mwahija akainamia chetezo, akapuliza makaa.

"Niende mimi," alisema Pazi. "Bibi, nakuomba, niende mimi."

"Si wewe uliyesema karibu."

Batuli aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Akashika ukuta. Kisha akamtazama binti yake, midomo imekauka kwa usiku mzima wa kukatika na kurudi, na hofu yake ikabaki pale pale ila miguu ikapata nguvu. Akaenda dirishani. Pazi hakuweza kuachia bomba amshike, akaegemeza paji la uso kwenye nondo, na Batuli akaegemeza lake upande wa ndani.

"Mpe uji," alisema. "Usitie sukari nyingi."

Ubani ukapanda. Bi Mwahija alisema maneno yake kwa chini, kwa heshima, kama anayezungumza na mkwe. Na mto wa kochi ukainuka, taratibu, ukarudi ulivyokuwa.

Batuli akajitanda khanga, akafungua mlango, akatoka huku akiacha nafasi ubavuni mwake, akizungumza kama mwenyeji yeyote, "tumefurahi, ahsante kwa kuja, wasalimie huko," sauti ikitetemeka lakini haikatiki, akampita mumewe bila kugeuka, na kando ya nyayo zake mchanga ulikuwa unalowa, hatua kwa hatua, mpaka wakakata kona ya ukuta.

Esha akapiga mwayo. "Nina kiu," alisema, akatoka nje akamkumbatia baba yake miguuni.

"Achia," Bi Mwahija alimwambia Pazi. Hakuthubutu. Ikabidi mganga ambandue vidole kimoja kimoja. Esha akaendelea kupumua, akaendelea kuomba maji, na Pazi akaketi chini akamkumbatia, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Kisha akakimbia mpaka konani. Njia ya kwenda madukani imenyooka, mtu anaonekana toka mbali. Hapakuwa na mtu. Nyayo za Batuli ziliishia katikati ya mchanga, na ule unyevu nao uliishia hapo hapo.

Aliporudi alimkuta Bi Mwahija mbele ya televisheni, kiganja mdomoni. Kwenye skrini alikuwa Batuli, kaupa mgongo ulimwengu, khanga kichwani, mguu mmoja umeinuka. Ameganda.

Pazi hakusubiri kuambiwa. Alikimbilia bomba.

"Imekuja!" Esha alipiga kelele ndani. "Mama anatembea!"

"Anarudi?"

"Hapana. Anakwenda."

Alilegeza vidole.

"Kasimama, baba. Kasimama vibaya."

Akakaza. Sasa alielewa. Akiachia, mkewe atabaki kule, mguu hewani, hana pumzi. Akishika, atazidi kwenda mbali, akimsindikiza yule mgeni ambaye bado hajasema panatosha.

"Anaongea?" aliuliza.

"Nadhani. Sauti yake siisikii. Baba, mama anazidi kuwa mdogo."

"Nimeshika, mwanangu," alisema Pazi. "Nimeshika."