Mfupa Uliokataa Damu

Damu ilikataa kuingia. Nesi aliidondosha kwenye kibakuli, juu ya chembe za mfupa wa kutengenezwa, damu ya mdogo wake wa kike, tumbo moja. Ikabaki juu imejiviringa kama shanga. Chembe zile zina vitundu kama sifongo. Lazima zinywe damu ya mgonjwa kwanza, ndipo zijazwe kwenye pengo la taya alipotolewa uvimbe.

"Daktari, humu kuna kilichotangulia."

Kikopo cha chembe zile kilikesha wazi dirishani. Daktari alikifungua jana apigwe nacho picha, akakiacha hapohapo, maana bwana mkubwa yule hafuniki vitu. Ana watu wa kumfunikia.

"Wewe nesi au mpiga ramli?" Akacheka, akajaza, akashona.

Siku ya nne, mchana kweupe, wodi ilinuka jivu lililomwagiwa maji. Mdogo mtu amelala, midomo kaifumba, na ndani ya taya kitu kinasaga. Krr. Krr. Alipozinduka aliomba kalamu, akaandika: *Dada, kinanifundisha jina lake. Nikilimaliza, sitasema langu tena. Limebaki kidogo.*

Nesi akamfuata Daktari ofisini. "Tuzitoe leo. Nakuomba."

"Nitoe? Wageni wanakuja saa nane kuiona kazi yangu! Mpe dawa ya homa, mwambie atabasamu."

Atabasamu! Kwa taya la nani?

Wageni wakaja na suti zao, wakazunguka kitanda, na Daktari akainama na tochi akihubiri kuhusu mikono yake, mikono yake, mikono yake, hata asione kwamba harufu ya jivu imeshawafanya wenzake wazibe pua, kwamba mgonjwa amemkodolea macho dada yake huku koo likipanda na kushuka, na kwamba kutoka kwenye mdomo uliofumbwa sauti nzito ya kiume ilikuwa inataja jina, taratibu, kipande baada ya kipande, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Nesi hakuomba ruhusa. Alishika mkasi.

"Vumilia, mdogo wangu." Akakata nyuzi, akakwangua chembe zote kwenye sahani ya chuma. Zilitoka kavu kabisa.

"Mwendawazimu!" Daktari alifoka, uso juu ya sahani, kinywa wazi. "Nitakufukuza ka—"

Vumbi la jivu likapanda kutoka sahanini, likamwingia kinywani, akakohoa mara moja.

Kitandani, kwa mdomo uliojaa damu, mdogo mtu alitamka jina lake, lake mwenyewe, halafu akalia kwa sauti yake.

Daktari akafuta midomo. Akafunika sahani vizuri kwa kitambaa, akamgeukia Nesi, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, dada yangu. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Wageni wakapiga makofi kwa unyenyekevu ule. Nesi alimvuta mdogo wake kifuani, akarudi nyuma hadi ukutani. Miaka tisa amefanya kazi na mtu yule. Huyu hakuwa yeye.