Barafu Imesema "Kaa!"

Huko mbali, kwenye ncha ya dunia, kuna bonde jeupe pee. Bondeni umejinyoosha mto wa barafu. Hautiririki. Unatambaa tu, polepole kuliko konokono.

Kwenye mteremko ulio juu ya mto huo palikuwa na hema. Mama alikuja kuipima barafu. Mjomba Makame alikuja kupika. Raya alikuja kula.

"Wali wa nazi tayari!" akaita Mjomba Makame. Akainua sufuria. Akateleza. Pu!

Sufuria ikaenda zake. Swiiiiii! Mpaka chini kabisa, kwenye mto wa barafu.

"Wali wangu!" akalia Raya.

"Wali wetu," akasema Mama. "Na leo hakuna mwingine."

Mjomba akainua mguu aufuate.

"Mjomba! Unaingia kwa watu bila hodi?" akasema Raya.

Mjomba akaurudisha mguu. Aliona haya kidogo.

"Hodi, mto wa barafu! Hodi!" akaita Raya.

Kimya. Tumbo lake tu lililia: nguruuu.

"Hodi, mto wa barafu! Hodi!"

Barafu ikapasuka ndani kwa ndani. "KAAAAA!"

"Inataka kaa?" akauliza Mama. "Kaa wa pwani nitampata wapi huku?"

"Labda inataka kaa la moto," akasema Mjomba, akakimbilia jiko.

"Wee Mjomba! Barafu na moto? Itayeyuka, maskini!"

Raya akavuta pumzi. Njaa ilimuuma kwelikweli.

"Hodi, mto wa barafu! Hodi!"

"KAAAAA!"

Raya akaruka kwa furaha. "Jamani, tumekaribishwa! Inasema kaa. Tukae!"

Mgeni mwenye adabu akiambiwa kaa, hukaa. Raya akakaa. Mama akakaa nyuma yake. Mjomba akakaa nyuma ya Mama, pwata!

Swiiiiii!

"Lahaulaaaa!" akapiga kelele Mjomba, njia nzima.

Wakasimama mbele ya sufuria. Mfuniko haujatoka! Wali ungali wa moto!

"KAAAAA!" ikasema barafu.

"Tumeshakaa!" akajibu Raya, mdomo umejaa wali.

Wakala. Wakakwangua na ukoko, kwaru kwaru. Tumbo la Raya likawa ngoma.

Mjomba akatazama juu. Lo! Kulikuwa mbali! Akajitwika sufuria kichwani, akambeba Raya mgongoni. Akapanda, huku Mama akimsukuma kwa nyuma.

Jua la huko halizami msimu wa joto. Usiku ule lilikuwa macho, kodo!

Lakini Raya, fofofo.