Namba za Mashine ya Sita

Likizo ya Juni mwaka 1999, Milembe alimfuata mama yake kila asubuhi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, huko Kasoli. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na mmiliki mpya wa kiwanda alileta kompyuta. Mama yake, Violeth, alikuwa fundi mitambo. Kila saa sita mchana mashine zilipozimwa, Milembe alipima joto la beringi za mashine zote sita, naye mama akaingiza namba kwenye kompyuta. Kompyuta ililinganisha namba hizo na za siku zilizopita, kisha ikaonyesha beringi ipi inakaribia kuharibika, ibadilishwe mapema kabla haijakwamisha kazi.

Mashine ya sita ilikuwa mwisho kabisa, penye vumbi la pamba. Jumatatu, akiipima, Milembe alikohoa hadi akatokwa machozi. Jumanne akaipita, akaandika namba ya jana. Jumatano akafanya vilevile.

Alhamisi asubuhi hakutulia. Mashine ya sita ilikuwa ikikoroma kwa sauti asiyoijua. Nje, mikokoteni ya ng'ombe yenye pamba ya wakulima ilikuwa imepanga foleni, na mzee Maganga kutoka Lalago alisema amelala hapo siku mbili. Milembe alimuuliza mama kuhusu ile sauti. Mama akatazama kompyuta, akasema joto halijapanda hata kidogo. Milembe akaketi, akasimama, akaketi tena.

Mwishowe akamvuta mama mkono.

"Mayu, mashine ya sita sijaipima tangu Jumatatu. Nimekuwa nikirudia namba ya Jumatatu."

Mama alikimbia akaizima mashine, akapima mwenyewe. Joto lilikuwa karibu mara mbili ya lile lililoandikwa. Walipoifungua beringi, grisi ilikuwa nyeusi kama masizi na gololi mbili zimepasuka, huku nyuzi za pamba zimetanda pande zote.

Wakulima walinung'unika kwa saa tatu, hadi beringi mpya ilipofungwa. Alasiri pamba ya mzee Maganga ikapokelewa.

Mama akanawa mikono, akaketi karibu na bintiye.

"Kompyuta haina macho, mwanangu. Inajua kile tu tunachoiambia. Uliponiandikia uongo, mimi nilisema kiwanda ni salama, na watu wakaniamini. Umekosa sana. Lakini ungenyamaza hadi jioni, sasa hivi tungekuwa tunazima moto. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Nitakutafutia kitambaa cha kufunga puani. Uongo sina dawa yake."