Nyama Isiyopoa

Wewe, umewahi kutia mkono ndani ya friza, ukashika nyama ya siku tatu, ukaikuta ina joto la kwapa?

Mpishi aliishika Jumamosi asubuhi, saa mbili kasoro, akautoa mkono wake upesi kama mtu aliyepapasa gizani akagusa uso. Upande huu samaki walikuwa wameganda, ukiwagonganisha wanalia kama vigae. Upande ule pakiti za maharage zilikuwa nyeupe kwa barafu. Katikati yao paja la swala lilikuwa limelala laini, jekundu, lina unyevunyevu, na barafu iliyolizunguka ilikuwa imeyeyuka ikaacha shimo lenye umbo lake, kama godoro lililolaliwa.

"Friza imeharibika," alisema mumewe kutoka sebuleni, bila kuja kuangalia.

"Samaki wameganda."

"Basi imeharibika katikati."

Miaka tisa ya ndoa ilikuwa imemfundisha Mpishi lipi la kujibu na lipi la kuachia ukuta. Siku za kazi mumewe alikuwa karani wa bohari ya saruji, mtu mpole, suruali zake zina vumbi la kijivu mifukoni. Jumamosi alikuwa Profesa. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, watu wazima sita waliokuja barazani na madaftari kujifunza uwindaji, naye hakulikataa. Kufundisha alijua, hilo tumpe haki yake. Aliwaonyesha namna ya kumwaga majivu kidogo hewani kujua upepo unaelekea wapi. Aliwaambia buti jipya lina kelele kuliko mbwa, kisu kifupi kinafanya kazi na kile kirefu kinapigwa picha, na tumbo la mnyama lisitobolewe, maana kilichomo kikigusa nyama hata siki haisafishi.

Matatizo yalikuwa kwenye kupiga. Misimu miwili mfululizo Profesa alirudi na sababu. Safari hii, Jumatano, alirudi na swala.

"Risasi moja, nyuma ya bega," aliwaambia. "Hata hakujua kilichompata."

Leo wote sita walikuwa wamealikwa kuja kuonja, na kuona ngozi, nzima bila tundu la kisu, iliyotandazwa kwa chumvi juu ya ubao uani.

Mpishi alilibeba paja hadi mezani. Halikunuka uvundo. Lilinuka pumzi: majani yaliyotafunwa, mate, kitu kilichotoka kuhema karibu na uso wako. Alilichuna utando mweupe, akaondoa mafuta yote, kwa sababu mafuta ya mnyama wa porini ndiyo yanayobeba shombo, kisha akakata kipande kimoja, akakitupa kwenye kikaango. Nyama mbovu ikiguswa na mafuta ya moto hujitaja yenyewe. Aliinama ili anuse.

Mkono ukapita chini ya pua yake, ukakichukua.

"Kiteme," alisema Mpishi.

"Dada, nina njaa," alisema mdogo wake, tayari anatafuna. Alikuwa mshonaji, anaishi nao tangu cherehani yake ipate nafasi kwenye chumba cha uani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Mbona tamu? Shemeji leo kaua kweli. Mimi nilidhani amemkuta kagongwa na lori."

"Nasema kiteme."

"Nimeshameza."

Mpishi akalikatakata paja lililobaki kwenye sinia, akavinyunyizia vile vipande chumvi. Vikacheza.

Kila mpishi aliyewahi kupokea nyama kutoka kisuni anajua kwamba misuli ya mnyama aliyekufa sasa hivi hutetemeka ikipata chumvi. Hutetemeka nusu saa, saa moja ikizidi sana. Hii ilikuwa ya siku tatu, na haikuwa ikitetemeka ovyo. Vipande vilijivuta vyote upande mmoja, polepole, vikiacha michirizi ya majimaji ya waridi, mpaka vikarundikana kwenye ukingo wa sinia ulio mbali na kisu.

Alifunika sinia kwa kitambaa. Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nyuma yake akasikia mtu anatafuna.

"Unatafuna nini?"

"Ile ile," alisema mshonaji. Hakuwa akicheka tena.

"Si umeimeza?"

"Inarudi, dada." Koo lake likavimba, likapanda, mashavu yakajaa, na taya likaanza kwenda pembeni, kulia kushoto, kulia kushoto, vile wanavyotafuna wale wenye kwato. Machozi yalimtoka. "Kila nikimeza inarudi, na kila ikirudi imekuwa nyingi zaidi. Ina manyoya."

Alifungua mdomo aonyeshe, na Mpishi, ambaye alikuwa amesafisha utumbo, kwato na vichwa bila kukunja uso, aliona uji wa kijani uliochanganyika na nywele fupi za kahawia zilizonata ulimini, akapata harufu yake, akainamisha uso. Alipoinua macho ndipo alipouona mstari. Ulianzia chini ya kidevu, mwekundu, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa chaki ya fundi, ukashuka kooni hadi kwenye shimo la shingo. Haukutoa damu. Ngozi ilikuwa imeachana tu, na kingo zake mbili zilikuwa zimeanza kunyanyuka na kujikunja kwa nje, kama karatasi iliyolowa inavyojibandua ukutani, na chini yake palikuwa panang'aa.

"Inauma?"

"Inavutwa. Kuna mtu anaivuta."

Mpishi alimpitia mumewe sebuleni, akavuka mtaa kumwita mkunga mstaafu. Mama huyo alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na wenye majini walimgongea mlango wa nyuma. Alikuja na kandambili zake na miwani iliyofungwa uzi. Hakuleta ubani wala kitambaa chekundu. Alimtazama mshonaji, akatazama sinia, akakunja pua.

"Nani alimpasua mnyama huyu?"

"Mimi," alisema Profesa, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kwa utaratibu wote."

Taya la mshonaji likasimama. Sauti iliyotoka haikuwa nzito wala ya kutisha; ilikuwa kavu, yenye subira, ya mtu aliyekaa mahali pasipo watu siku nyingi.

"Mimi ninachunga kule porini," ilisema. "Mnachukua, nanyamaza. Wanakufa, nanyamaza. Huyu wangu mmoja nataka nisikie alivyokufa. Aliyefanya aseme. Nikishasikia nitaondoka. Nisiposikia, nami nitamfanyia huyu niliye ndani yake vilevile, kwa muda uleule."

Mstari ukashuka kidole kimoja.

"Sema, baba," alinong'ona mkunga. "Mimi sina dawa inayozidi hiyo."

"Kibali," alisema Profesa haraka. "Kibali changu kiliisha mwezi uliopita."

Mstari ukashuka, ukapita mfupa wa kifua. Kitu kikalia, tk, kama uzi unaokatwa.

"Hakuwa akikimbia. Niliwaambia alikuwa anakimbia, lakini alikuwa amesimama tu anakula."

"Mume wangu," alisema Mpishi kwa sauti ya chini, "hiyo ngozi ni ya mdogo wangu."

Ukingo mmoja ulijifunua hadi begani. Mshonaji hakupiga kelele. Alikuwa amejazwa mdomo tena, anatafuna, anameza, anatafuna, macho yamemtoka yakimwangalia shemeji yake, na kijani kikimchuruzika kidevuni kikaingia ndani ya mstari.

Barazani viti vilikwaruza. Wanafunzi walikuwa wamefika, wanacheka, mmoja anauliza Profesa yuko wapi, wameshafungua madaftari. Profesa aligeuza shingo upande wa sauti zile. Kisha akamsogelea mkunga, akainama, akaanza kumwambia sikioni.

Mkunga alimsukuma kwa kiganja. "Sikio langu halikuombwa kitu. Kwa sauti."

"Watasikia."

"Na wasikie," alisema Mpishi. Alikuwa ameweka mikono yake miwili kifuani kwa mdogo wake, anabana kingo za ngozi zikutane, na chini ya viganja vyake alihisi zikiteleza kuachana, kwa utulivu, bila haraka. "Wasikie wote. Sema."

Barazani kulinyamaza.

"Risasi ilimvunja kiuno," alisema Profesa. Alisema kwa ile sauti yake ya kufundishia, hakuwa na nyingine kubwa. "Miguu ya nyuma ilikufa, ya mbele ikawa inachimba. Nilikuwa na risasi tatu mfukoni. Lakini wanafunzi wawili walikuwa garini chini ya kilima, nao wangesikia ya pili, na nilishawaambia siku zote kwamba mimi hupiga moja. Koo sikulikata, kwa sababu niliitaka ngozi nzima, ya kuonyesha. Nikasema ataisha mwenyewe wakati nafanya kazi." Akautazama ule mstari. "Nilianzia kidevuni. Hakuisha. Nilimchuna yu hai, saa nzima, na alikuwa ananiangalia mpaka nilipofika machoni."