Kicheko cha Babu

Kila Jumamosi Chiriku alifagia sebule, akamwagilia maua, kisha akamtungia bibi yake uzi kwenye sindano huku akipiga soga. Jina hilo alipewa na babu, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Sasa babu alikuwa amefariki, mwaka wa pili huu, na sauti yake ilibaki kwenye kanda moja tu iliyochakaa.

Jumamosi hiyo shangazi yake, mhandisi, alikuja na kompyuta, redio kaseti ya kuazima na kibao chenye chipu ndogo kuliko ukucha, ili aihifadhi sauti hiyo.

"Hii tumeisanifu miaka mitatu," alisema. "Inapima umeme mara bilioni moja kwa sekunde na kuugeuza kuwa namba."

"Haraka yote hiyo kwa mzee aliyekunywa kikombe cha chai saa nzima!" bibi alicheka.

"Kazi yake hasa ni mitambo ya simu, mama. Kwa sauti ya baba, inatembea tu."

Alimwonyesha Chiriku taa kwenye kibao na kirungu cha kupunguzia sauti. "Sauti ikipanda mno, kipimo hufika mwisho, na kinachozidi hukatwa. Taa ikiwa nyekundu, punguza. Usibanduke. Kanda hii imechoka, na redio nairudisha kwa fundi adhuhuri."

Chiriku alikaa. Lakini nje wenzake waliruka kamba. "Njoo, Chiriku! Kanda inajizungusha yenyewe!"

Akatoka, dakika moja tu. Aliporudi, taa ilikuwa nyekundu. Kwenye kompyuta, vilele vya mawimbi ya sauti vilikuwa bapa kama meza. Alipokisikiliza, kile kicheko cha babu kilichotikisa vikombe kabatini kilikwaruza kama bati linaloburuzwa.

"Vipi?" shangazi aliuliza, akikunja waya.

"Sawa."

Bibi aliinua macho. "Chiriku anajibu neno moja? Leo umemeza nini?"

Shangazi alikwisha kuikwapatia redio. Chiriku alimkimbilia.

"Usiirudishe, shangazi! Nilitoka kucheza. Kicheko kimekatwa."

Shangazi hakufoka. Alirudisha kanda nyuma taratibu kwa kalamu, na wote watatu wakakaa. Babu alipoanza kisa chake cha kuvaa viatu viwili vya kushoto, Chiriku alijua kicheko kiko njiani, akapunguza mapema. Kikaja chote, kizima. Kisha babu akasema, "Na wewe sema, Chiriku wangu!" na sauti ya mtoto wa miaka minne ikajibu, "Babu, viatu vyako vinagombana!"

Bibi alifuta machozi. Hapo hapo, kach! Kanda ikakatika.

Chiriku alishtuka. Kicheko kizima kilikuwa tayari kwenye kompyuta; angenyamaza, kingebaki kwenye kanda hiyo pekee.

"Kazini nasi hukosea," shangazi alisema. "Kosa likisemwa mapema, tunafuta mchoro. Likifichwa, linatoka kiwandani ndani ya kila chipu."

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mguu wako ulikosea ulipotoka nje. Ulimi wako nao ukajikwaa. Bahati ni kwamba ulimi uliinuka mapema. Haya, Chiriku, tuwekee tena."