Mahudhurio ya Watu Watatu

Siku hiyo katika chumba cha kompyuta walikuwa mwalimu, fundi simu, rafiki yangu mshona nguo, na mwanawe wa miezi minne, aliyelala sakafuni juu ya koti ambalo mwalimu alilivua mwenyewe akamtandikia. Walikuwa wakijifunza kuandika programu kwa kunakili mifano. Mfano wa siku hiyo ulikuwa wa mahudhurio: kompyuta inataja jina kwa sauti, kisha inasubiri mwenyewe aitikie, "Nipo."

"Dada, mwandike na bosi mdogo," fundi simu akatania.

"Huyu hata kulia bado anajifunza! Ataitikaje?" Rafiki yangu akaandika majina matatu tu, ya watu wazima.

Kompyuta ilipotaja la kwanza, umeme ukakatika, skrini ikazimika. Chumba hakikuwa na dirisha, kukawa na giza totoro. Lakini spika haikunyamaza. Ikataja la pili, la tatu, kisha jina la mtoto.

"Izime, mwalimu wangu!"

"Nimeshachomoa waya, dada."

Ikarudia jina lile taratibu, kama mtu anayebembeleza. Rafiki yangu akapapasa sakafu, koti asilipate. Ndipo sauti nyembamba ikaitika kutoka chini: "Nipo."

Mtoto yule sasa ana miaka mitatu. Hajatamka neno jingine.