Dawa ya Mlangoni

Walikutana mlangoni mwa soko la Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka ule wa corona, na walianza kwa kugombana. Nasoro, muuguzi kijana wa Minago, alikuwa amesimama kando ya ndoo ya maji na sabuni ya buluu, akimwelekezea kipimajoto usoni kila anayeingia. Watu walikiita bastola. Hadjara alitokea na furushi la vitenge kichwani, gauni la njano limemganda mgongoni kwa jasho, na bastola ikalia. Nasoro akamwamuru akae pembeni kivulini. Hadjara akamjibu kwamba yeye ni fundi cherehani, wateja wanamngoja, na moto huo ni wa jua, si wa corona. Nyuma yake foleni nzima ikaanza kunung'unika.

"Sasa weye dada, si ufanye kama wenzako," Nasoro akasema huku anacheka. "Meza parasetamoli nyumbani, halafu upite hapa baridi kabisa."

Ulikuwa utani, lakini utani wa kitu cha kweli. Nusu ya mji walikuwa wanameza vidonge kabla ya kutoka ili bastola isiwaumbue, hata wakavipa jina: dawa ya mlangoni. Hadjara alipopoa kivulini akaruhusiwa kupita, na Nasoro akamwomba namba ya simu, eti ya kufuatilia wagonjwa.

"Unafuatilia corona ama unanifuatilia miye?"

"Yule nitakayemupata kwanza."

Namba akapewa. Kuanzia hapo simu hazikukatika. Nasoro alimwita mrembo wa cherehani, naye Hadjara alimwita bwana bastola, na wakizungumza mtu angedhani wana miaka kumi na sita. Hadjara alikuwa ameachika, ana binti mmoja, Kulthumu, mwenye umri wa kuanza kung'oka meno. Akamshonea Nasoro barakoa ya kitenge kilekile alichojishonea gauni, basi soko zima likajua. Nasoro naye akawa haji nyumbani bila ndizi mbivu za mtoto, na akaanza kuulizia mjomba wa Hadjara anapatikana siku gani ili apeleke posa.

Kulikuwa na doa moja tu. Wenye homa walikuwa wanapelekwa kwenye ukumbi uliotengwa, na mtoto wa jirani yake Hadjara alipelekwa huko peke yake, analia, mama yake amezuiliwa nje. Hadjara akamuuliza Nasoro kama hilo ni jambo la kufanyia watu. Nasoro akajibu kwamba sheria ni sheria, hata angekuwa mama yake mzazi. Alidhani anajionyesha mwanamume wa msimamo. Tangu siku hiyo Hadjara akawa anampenda huku anamwogopa. Hilo hakumwambia, na laiti angemwambia.

Kulthumu aliamka siku moja akishika kitovu. Akatapika uji, akatapika na maji. Hadjara akafikiri ni nyoka za tumbo, yaani minyoo, maana pwani ile tumbo la mtoto likiuma kitu cha kwanza kutajwa ni nyoka. Akampa dawa yake. Kesho yake maumivu yakahamia chini upande wa kulia, mtoto akawa anatembea amejikunja, mwili unachoma. Hadjara akampigia Nasoro.

"Iko na homa?" Nasoro akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza mtoto anaumwa wapi.

Hadjara aliuona ule ukumbi machoni. "Hapana," akasema. "Ni nyoka tu."

Nasoro akaahidi kupita mchana. Sasa sikilizeni mama huyu alivyofanya. Akaponda parasetamoli, akamnywesha mtoto na maji ya sukari, akamfuta jasho, akamvalisha gauni safi. Halafu akamwambia kwamba akilia mbele ya Nasoro atapelekwa kule ukumbini peke yake. Kulthumu alikuwa mtoto msikivu. Nasoro alipoingia na sare yake, amechoka, mtoto amelala mkekani kimya, bastola ikasema hakuna homa. Akamgusa tumbo juu ya gauni kwa vidole viwili, akamuuliza kama inauma, mtoto akatikisa kichwa kukataa.

Na hapa ndipo ninapokasirika na huyu bwana. Jasho lilikuwa linamtoka mtoto puani, na magoti ameyakunja hataki kuyanyoosha. Mwanafunzi wa uuguzi angeyaona hayo. Nasoro macho yake yalikuwa kwa mama. Akasema ni nyoka, waendelee na dawa, akanywa chai, akamsifia Hadjara kilemba, akarudi kazini anapiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata Kulthumu akasema haumwi tena. Hadjara alimshukuru Mungu kwa sauti, akampigia Nasoro, wakacheka pamoja kwenye simu. Wote wawili walifurahia kitu ambacho hakikuwa cha kufurahiwa. Kabla ya adhuhuri tumbo likawa gumu kama ubao, midomo imekauka, mtoto hajibu vizuri akiitwa. Safari hii Hadjara akampigia Nasoro bila kuificha homa.

Nasoro alikuja na pikipiki ya kukodi. Wakampakata mtoto katikati yao hadi hospitali, na mlangoni muuguzi wa zamu, mwenzake Nasoro, akampima Kulthumu, akakuta homa kali, akawaelekeza upande wa corona wakangoje kipimo. Nasoro akaeleza kwamba ni tumbo. Akaambiwa sawa, lakini homa ni homa, watangulie kule. Akasihi, akataja jina la mkubwa wake, akapandisha sauti. Mwenzake akamwambia kwa upole kwamba sheria ni sheria. Wakakaa kwenye benchi na watu wanaokohoa, na hakuna aliyewatazama.

"Mbona jana hakukuwa na homa?" Nasoro akauliza.

"Ilikuwako. Nilimupa parasetamoli."

"Ulinidanganya? Miye?"

"Weye ndiye uliyenifundisha."

"Hadjara, ule ulikuwa mchezo."

"Kwa weye ulikuwa mchezo," Hadjara akasema. "Miye nina mutoto. Nilikuogopa, Nasoro. Nilikuogopa kuliko nilivyoogopa ugonjwa."

Nasoro alisimama, akamnyanyua Kulthumu, akapita naye ule mlango aliokatazwa, watu wanamwita nyuma, mpaka kwenye chumba cha Daktari Theonest, mpasuaji. Daktari alilibonyeza tumbo taratibu kisha akaachia mkono ghafla, na mtoto aliyekuwa hajibu akapiga ukelele. Hakuhitaji zaidi. Akavaa mavazi ya kujikinga, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, kipimo cha corona kitafuata baadaye.

Walingoja nje, kila mmoja na ukuta wake. Hadjara alikuwa amevaa kandambili mbili zisizofanana na hajui. Kama mtoto yule angekufa, wawili hawa wasingeonana tena duniani, na kila mmoja alilijua hilo bila kuambiwa.

Theonest alitoka jioni. Akawaambia ilikuwa apendisiti, kautumbo kadogo kalivimba hadi kakapasuka, usaha ukamwagika tumboni, na yale maumivu kupotea ndiyo ilikuwa saa ya kupasuka kwenyewe. Amesafisha, mtoto anapumua, bado ni wa kuombewa. Kisha hasira zikampanda. Mwaka mzima, alisema, watoto wanamfikia hivi, wamechelewa, kwa sababu watu wamejifunza kuogopa homa kuliko kumtazama mtoto. Hakumtaja mtu, akaenda kunawa.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya, zilizofuata zikawa afadhali. Kulthumu alipoanza kunywa mchuzi wa ndagala, dagaa wa kule ziwani, Nasoro alikuja kukaa kitandani pake. Hadjara alikuwa dirishani, hajaongea naye tangu siku ile zaidi ya salamu.

"Inauma?" Nasoro akamuuliza mtoto.

Kulthumu akamtazama mama yake kwanza. Wote wawili waliona alivyomtazama, na Hadjara akashika mdomo.

"Mwambie," akasema. "Hakuna atakayekupeleka popote."

"Inauma," Kulthumu akasema. "Na ile siku ulikuja kunywa chai, iliuma sana. Nilinyamaza."

Hadjara alingoja Nasoro ajitetee. Nasoro aliinama akalia mbele ya wagonjwa wote, na alipopata sauti akamwomba msamaha mtoto kabla ya mama.

Walitoka kibarazani. Nasoro akasema bado anataka kwenda kwa mjomba, lakini akikatazwa ataelewa.

"Enda," Hadjara akasema. "Ila umwambie yote. Nilivyodanganya na weye ulivyokosa kuangalia. Usipunguze yangu, usipunguze yako."

"Na akinifukuza?"

"Utarudi tena, mpaka akuzoee." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Sasa ingia ndani ukamuangalie mutoto. Na usimuulize mbele yangu, muulize akiwa peke yake."